Friji Haiuzwi Bila Kitambulisho

Sura ya Sita

Mpiga pasi wa kichochoro cha nyuma ya kiwanda cha nyuzi alikuwa na pasi ya mkaa nzito kama kesi yenyewe, na mdomo mwepesi kuliko shati la hariri. Mkaguzi Msaidizi Tabinda Cheema aliwapenda mashahidi wa namna hiyo. Ajabu ni kwamba tangu mauaji hakuna askari aliyemwuliza hata bei ya kunyoosha suruali. Walishapata mtu wa kumfungia, na polisi wa Faisalabad wakishapata mtu wa kumfungia maswali huwaishia, hubaki njaa.

"Ulikuwepo Waqas alipopigwa risasi?" Tabinda aliuliza.

"Afande, mimi nipo hapa toka mjomba wako hajaota ndevu."

"Jibu swali, wajomba zangu waache."

"Nilikuwepo. Vijana wawili, pikipiki moja, vilemba usoni. Walisimama kwangu kwanza. Wakasalimia vizuri kabisa. Vijana wa shamba wana adabu bwana, hata wakija kuua wanakuamkia."

"Wakauliza nyumba ya Waqas?"

"Wala. Jina hawakulitaja." Mpiga pasi alinyunyiza maji kwenye kola, pasi ikafoka. "Walisema, mjomba, ile friji mpya nyekundu imeshushwa nyumba gani?"

Tabinda aliacha kuandika. Nyuma yake Konstebo Shaukat, ambaye kitambi chake kilikuwa kimetangulia kupandishwa cheo, aliacha kutafuna.

"Ukawaonyesha?"

"Nikawaonyesha." Mzee hakuinua macho. "Nilidhani ni mafundi."

Habari yote ilikuwa fupi na mbaya. Kishwar, binti wa Chaudhri Barkat wa kijiji cha Kot Dhariwal, alitoroka kwao akaolewa na Waqas, fundi wa mitambo, ambaye baba mtu hakumtaka hata kwa kumwona kwa mbali. Wakajificha mjini. Simu za zamani wakazitupa. Chumba kilipangwa na Sumbal, dada yake Waqas, kwa jina lake mwenyewe. Sasa Waqas alikuwa kaburini, na Asghar, kaka yake Kishwar, alikuwa na mashahidi wa kijiji kizima waliokuwa tayari kuapa kwamba siku ile alikuwa shambani anamwagilia miwa. Kishwar alipelekwa kwenye nyumba ya hifadhi ya wanawake. Toka msiba alitamka maneno machache tu: "Ni wifi peke yake aliyepajua kwetu." Hayo yalitosha kumtia Sumbal mahabusu.

Na leo, baada ya sala ya alasiri, Chaudhri Barkat alikuwa anakuja kumchukua binti yake. Kishwar mwenyewe alikuwa amekubali kutia saini. Alimwambia msimamizi kwamba kama wifi amemuuza, hakuna mwingine wa kumtunza. Kila mtu mjini alijua binti wa aina hiyo akirudi kijijini hutokewa na nini. Huteleza kisimani. Visima vya huko vina utelezi wa ajabu, na huwapata wasichana tu.

"Shaukat," Tabinda alisema, "Sumbal ndiye aliyepanga chumba. Angetaka kumuuza wifi yake angewaambia nini hao vijana?"

"Mlango wa kijani, ngazi za pembeni, juu."

"Wao wanatafuta nini?"

"Friji." Shaukat alimeza. "Basi aliyewatuma anaijua friji, mlango haujui."

"Ndiyo maana nakununulia chakula."

Alimgeukia mpiga pasi. "Friji ilikuja na gari gani?"

"Bajaji ya mizigo ya duka la Haji Mukhtar, kule karibu na mnara wa saa. Haikuweza kuingia kichochoroni. Ikashusha hapa hapa mbele yangu, Waqas akaja na wenzake wakaibeba."

Walipanda juu. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, jiko la gesi, na friji nyekundu iliyong'aa kama bibi harusi aliyekosea nyumba. Tabinda aliifungua. Ndani hamkuwa na maziwa wala nyama. Mlikuwa na maembe mawili na kisanduku cha dawa ya sukari, ile ya sindano.

"Ya nani?"

"Ya marehemu," alisema Shaukat. "Daktari alimwambia joto la Juni linaiharibu, inataka baridi."

Juu ya friji palikuwa na shali mpya ya kutariziwa, bado imo kwenye nailoni yake. Kwenye mlango wa friji, chini ya sumaku, risiti. Tabinda aliisoma akiwa amesimama. Jina la mnunuzi: Kishwar. Baba: Barkat. Namba ya kitambulisho, ndefu kama foleni ya pasipoti. Mahali pa kupeleka: kichochoro cha nyuma ya kiwanda. Namba ya nyumba haikuandikwa. Na penye bei, mtu alikuwa ameikata kwa kalamu akaandika nyingine, ndogo sana.

"Punguzo la namna hii halipo duniani," Shaukat alisema. "Mimi na sare yangu hupunguziwa chai tu."

"Kwa nini atumie kitambulisho chake na si cha mumewe?"

"Cha mumewe kinakaa kwa mlinzi wa kiwanda, afande. Ukiingia zamu unakiacha getini, ukitoka unachukua. Na friji haiuzwi bila kitambulisho, bei yake imevuka kile kiwango ambacho watu wa kodi wanataka mnunuzi aandikwe."

Tabinda alitia risiti kwenye mfuko wa vielelezo. "Twende tukanunue friji."

Duka la Haji Mukhtar lilikuwa na feni kumi zinazouzwa na moja inayofanya kazi. Ukutani palibandikwa tangazo: MTEJA NI MFALME, LAKINI ALETE KITAMBULISHO. Nyuma ya kaunta, kando ya mashine ya kutoa kopi, alikaa Danish, msaidizi wa duka, kijana aliyepaka nywele mafuta ya kutosha kukaangia samosa za mtaa mzima.

"Karibu dada, friji au eisi?"

"Kopi," Tabinda alisema na kuonyesha beji. "Za vitambulisho. Mkishazitoa zinakwenda wapi?"

"Kwenye... kwenye faili, afande."

"Faili liko wapi?"

"Lipo."

"Nimekuuliza liko wapi, sijakuuliza afya yake."

Wakati huo Shaukat alirudi kutoka nje na dengu za kukaanga alizonunua kwa mchuuzi wa mlangoni. Zilikuwa kwenye karatasi iliyosokotwa. Alizimimina kiganjani, akaikunjua karatasi, akaiweka kaunta. Mzee mmoja mwenye masharubu aliwatazama kutoka kwenye karatasi ile, na jina lake, na jina la baba yake, na anwani yake ya kudumu, na chumvi.

"Mtu mzima huyu," Shaukat alisema, "amenunua kiyoyozi, akaishia na pilipili."

Danish alianza kutoka jasho juu ya mafuta. "Zile za zamani tu, afande! Namuuzia mchuuzi kwa kilo. Karatasi ni ghali."

"Na mpya?"

"Mpya..."

"Shaukat, mfunge."

"Kuna jamaa wa laini za simu! Anakuja siku za Ijumaa. Anachukua chache. Anasajilia laini. Wenyewe hata hawajui, afande, hawaumii!"

Tabinda aliinama hadi pua yake ikakaribia nywele zile. "Kuna binti alinunua friji nyekundu hapa. Kishwar. Jamaa wa laini alichukua na kopi yake? Au ulimuuzia mtu mwingine? Sema, kwa sababu mumewe amekufa na mimi sijala."

"Hapana! Za wanawake hazitoki! Wallahi afande, Haji haruhusu. Za wanawake anazifungia mwenyewe kwenye kasha, funguo anazo shingoni. Anasema jina la mwanamke si la kuchezea barabarani. Na ya huyo dada hata kasha haikuliona. Haji aliichukua mkononi akaenda nayo ofisini kwake."

"Kufanya nini?"

"Sijui. Alikuwa amefurahi. Alikuwa analia."

Ofisi ya Haji Mukhtar ilikuwa nyuma ya mafriji. Alikuwa mzee safi, ndevu nyeupe zilizochanwa, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Aliagiza sharubati kabla hata ya kuulizwa jina. Shaukat alikunywa mbili.

"Kishwar?" Haji aliinuka nusu kutoka kitini. "Binti wa Barkat! Mnamjua? Hajambo? Friji haisumbui?"

"Friji haisumbui," Tabinda alisema. "Nieleze siku aliyoinunua."

"Alikuja peke yake, amejifunika hadi hapa. Danish akamwomba kitambulisho. Binti akasita, akauliza kama hakuna namna. Danish akamwambia ndiyo sheria. Mimi nilikuwa napita, nikakiona mezani. Nikasoma: anwani ya kudumu, Kot Dhariwal." Haji aligonga meza kwa kiganja. "Kot Dhariwal, mwanangu! Mimi nimezaliwa pale! Nimeondoka nina masharubu ya kuchora, lakini kitovu changu kipo pale. Baba yake nimesoma naye kwa mwalimu mmoja, tumechapwa kwa fimbo moja."

"Ukamwambia hivyo?"

"Sikumwambia lote, angeona haya. Nilimwambia tu, wewe ni binti wa kijiji changu, basi ni binti yangu. Unajua desturi yetu. Binti wa kijiji ukikutana naye ugenini humwachi aondoke mikono mitupu. Nikatoa faida yangu yote kwenye bei. Nikamtuma Danish akalete shali. Nikamwekea mkono kichwani nikamwombea."

"Halafu?"

"Halafu nikampigia baba yake."

Feni ya ofisini ilizunguka. Shaukat aliweka gilasi chini taratibu, kama inayoweza kulipuka.

"Kwa nini?" Tabinda aliuliza.

Haji alimshangaa. "Kwa nini? Nimpe binti wa watu shali na punguzo, halafu ninyamaze? Baba yake akisikia kwa wengine ataelewaje? Mzee mzima anampa msichana zawadi kimyakimya! Hiyo ni aibu, mwanangu. Zawadi ya binti unamwambia baba. Nilitafuta namba kwa watu wawili watatu mpaka nikaipata."

"Akasemaje?"

"Kwanza alinyamaza. Nikadhani mtandao. Halafu akanishukuru, akanishukuru sana, hata sauti ikabadilika. Akaniuliza anakaa wapi siku hizi, mama yake anataka kumletea samli."

"Ukamwambia."

"Nilichojua. Kichochoro. Nyumba sikuijua." Haji alitabasamu kwa kumbukumbu ya akili yake mwenyewe. "Lakini nikamrahisishia. Nikamwambia, wakifika waulize tu friji nyekundu imeshushwa wapi, mtaa ule watu hawana mafriji mengi, wataonyeshwa."

Tabinda alifunga daftari. "Mumewe ameuawa, Haji. Waliokuja waliulizia friji nyekundu."

Mzee aliangalia gilasi za sharubati, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta yake.

"Yule wa kiwandani? Nilisikia. Sikujua kwamba... Barkat aliniambia amefurahi."

"Sidhani kama alikudanganya. Binti alitoroka kwao. Alijificha."

"Hakuniambia!"

"Alikuja kununua friji. Alitakiwa akuambie habari zake zote?"

Haji alishika ndevu. "Nimevunja sheria gani?"

"Hata moja. Sheria ilikulazimisha ukione kitambulisho chake. Haikukulazimisha unyamaze." Tabinda alisukuma karatasi mbele yake. "Andika ulivyonieleza, utie saini. Siku uliyopiga, na maneno ya friji. Nikiwa na hiyo naweza kumgusa Barkat na kijana wake."

Haji aliitazama karatasi. Kisha akairudisha, kwa vidole viwili.

"Nitoe ushahidi dhidi ya mtu wa kijiji changu? Kaburi la mama yangu liko pale. Watu watasemaje?"

"Binti yako je? Si ulimwekea mkono kichwani?"

"Mwanangu, usinisukume."

"Sikusukumi. Simu yako naichukua, ni kielelezo." Aliinyanyua kutoka mezani, akaanza kuandika hati ya kuipokea. "Naomba kitambulisho chako, nijaze namba."

Haji alitoa pochi polepole. Alikivuta kitambulisho nusu, akakiweka mezani bila kukiachia. Kidole gumba kilikuwa kimefunika anwani.

"Hii namba," aliuliza, "itaonwa na nani?"

Shaukat ndiye aliyecheka, na hakikuwa kicheko kizuri.

Mahabusu ya wanawake ilikuwa chumba kimoja chenye ndoo. Sumbal alitoka shavu limevimba upande mmoja. Alikuwa mshonaji, mwembamba, na ulimi wake haukuwa umevimba.

"Mmechoka kunipiga au mmeishiwa mikono?"

"Aliyeuza anwani si wewe," Tabinda alisema.

"Asante kwa kunijulisha. Mimi nilikuwa na wasiwasi."

Tabinda alimtolea saini ya kuachiwa, na ndani ya gari la polisi, wakielekea nyumba ya hifadhi, alielezwa yote. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu, kama shali ilikuwa nzuri. Shaukat akasema ilikuwa nzuri.

"Basi kaka yangu ameuzwa kwa kitu kizuri," Sumbal alisema, akageukia dirishani.

Walifika nyumba ya hifadhi adhana ya alasiri ikiwa imeshatoka na watu wakitawanyika msikitini. Chaudhri Barkat alikuwa tayari ameketi kwenye benchi la getini, kilemba cheupe, fimbo katikati ya magoti. Alimwamkia Tabinda kwa heshima.

"Mkamate," Shaukat alinong'ona.

"Kwa kosa gani? Kupokea simu?"

Kishwar aliletwa kwenye chumba cha wageni na kijifurushi chake. Alipomwona Sumbal alirudi nyuma hatua moja. Tabinda alimweleza akiwa amesimama, maneno machache, bila kupamba. Kishwar alisikiliza akikifungua na kukifunga kile kifurushi.

"Haji," alisema mwishowe.

"Haji."

"Mimi nilirudi nyumbani siku ile nikamwambia Waqas, leo nimepata baba." Alitafuta pa kukaa, akakaa chini sakafuni. "Akacheka. Akasema, huyo baba mpya ana waranti?"

Sumbal alimsogelea.

"Ulinitaja mimi."

"Ni wewe tu uliyepajua, wifi."

"Mimi, na friji, na Haji, na kijiji kizima, na mpiga pasi. Lakini ukanitaja mimi."

"Nilitaja."

"Sijakusamehe. Usije ukafikiri nimekusamehe kwa sababu nimekuja." Sumbal alimtupia ndala zake. "Vaa. Tunaondoka."

Mama wa getini alikuwa na miwani nene na sauti ya mwalimu wa chekechea. Alifungua buku lake.

"Anatoka na nani?"

"Na mimi," Sumbal alisema.

"Kitambulisho, na anwani atakapokaa."

Sumbal alikitoa. "Kitambulisho ninacho. Mwenye nyumba amenitolea vitu nje tangu siku nilipokamatwa. Nitapata pengine."

"Ukipata pengine urudi. Bila anwani hatoki." Mama yule hakuwa na ubaya, alikuwa na utaratibu. "Isipokuwa kwa mzazi. Mzazi haulizwi."

Kutoka kwenye benchi Chaudhri Barkat alisema, bila kuinuka, "Mzazi nipo."

Kishwar alimshika Sumbal mkono. Sumbal hakuushika wake, wala hakuutoa.

Tabinda alifungua mfuko wa shati la sare, akatoa kitambulisho chake, akakiweka juu ya buku.

"Afande," Shaukat alisema chini chini. "Huyo anasikia."

"Andika, mama. Watakaa kwangu wote wawili."

Mama wa getini alikisogeza karibu na miwani. Kuandika bila kusoma kwa sauti hakuweza, ndivyo alivyofunzwa. "Ta-bin-da," alisema akiandika. "Nyumba za polisi, safu ya nyuma..." Kwenye benchi fimbo ilikuwa imetulia kabisa na kilemba kimeinama upande mmoja, upande wa sikio.

"Pandisha sauti, mama," Tabinda alisema. "Mzee asije akapotea njia, akaanza kuulizia friji."

Mama alirudia, kwa sauti ya juu, namba ya nyumba na yote.

Chaudhri Barkat aliinuka. Alikung'uta kanzu, akamtazama Tabinda kwa upole, kama watu wazima wanavyowatazama mabinti wa wenzao.

"Nimekusikia, mwanangu. Na wewe baba yako ni nani?"

"Imeandikwa hapo chini ya jina langu. Mama, msomee na hiyo."

Mama wa getini alifuata mstari kwa kidole. "Aslam Cheema." Akasogeza miwani. "Marehemu."

"Marehemu," Tabinda alisema. "Pole, mzee. Huna wa kumpigia simu."